Mlango Hauna Ndugu

Wanachama wapya huniuliza Amiri alikuwa nani, maana kila tunapobishana kambini lazima mmoja atamtaja. Mimi huwajibu kwamba ni yule mzee aliyefumua mishono yangu mbele ya macho yangu. Jibu hilo haliwasaidii, kwa hiyo inanibidi nieleze.

Amiri lilikuwa jina la cheo chake, mkuu wa kikundi chetu. Alikozaliwa na ukoo wake tuviache. Yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa akijibu, "Kwani unataka kunioa?" na mazungumzo yakaishia hapo. Nilijua kwamba kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani za madukani, na kwamba aliishi Al Amerat, pembeni mwa Maskati, kwa binti yake, katika nyumba mpya yenye geti la rangi ya dhahabu ambalo hakulipenda. Sasa amehamia Salalah, mji wa kusini, na binti huyohuyo. Anasema kule mvua inamfaa.

Kwanza niseme sisi ni nani. Ni watu wazima wa Maskati tunaojifanya watu wa Zama za Kati. Nalisema bila kulipamba kwa sababu nimechoka kuona watu wakikunja nyuso. Wengine mwisho wa juma huenda ufukweni Qurum kutembeza watoto, wengine huparamia milima ya mchanga kwa magari. Sisi, kipindi cha baridi, tunapiga mahema kwenye wadi, bonde la mto uliokauka, nyuma ya Al Amerat, tunavaa kama walinzi na wafanyabiashara wa bandari za pwani hii miaka mia saba iliyopita, tunapika kwa kuni, tunapigana kwa panga butu, na Jumapili asubuhi, maana hapa juma la kazi huanza siku hiyo, kila mtu yuko kazini kwake amenyoa ndevu. Kati yetu kuna Waomani, Watanzania, Wakenya, na yeyote anayeweza kuvumilia. Kipindi cha joto tunajifungia kwenye ghala la matairi la rafiki yetu mmoja, tunafanya mazoezi ya miguu na kulalamika.

Mimi nilikuwa, na bado ni, fundi wa viti vya magari, mtaa wa Ghala. Kwetu ni Tanga. Siku Amiri alipoingia karakanani nilikuwa nagombana na shemeji yangu kwenye simu, ndiyo maana alijua aniongeleshe kwa lugha gani. Alipita katikati ya viti vilivyochunwa ngozi na marobota ya sponji, na dishdasha yake, kanzu ya Kiomani, nyeupe bila doa, akauliza:

"Wewe bwana, unaweza kushona kwa pamba? Sponji sitaki. Sponji mwiko."

Alitaka koti nene la kuvaliwa chini ya deraya, yaani lile vazi la pete za chuma la askari wa kale. Vitambaa viwili, pamba katikati, mishono imenyooka kutoka begani hadi chini. Nikaona kazi rahisi, nikampigia cherehani siku hiyohiyo. Alipokuja kulichukua alilivaa, akainua mikono, akachutama, akasema, "Kazi nzuri." Kisha akalivua, akatoa kiwembe mfukoni, akaanza kufumua.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nnatoa mashine."

"Mashine gani? Imo ndani?"

"Imo. Hii mishono yote sawasawa, hamna mkono wa mtu humu. Zama zile nani alokuwa na cherehani, yakhe?"

"Na nani atakayeiona chini ya hilo lideraya lako?"

"Mimi nnaiona."

Hasira zilinipanda hadi utosini. Nikamwambia basi akalishone mwenyewe. Alikaa kwenye fremu ya kiti cha lori, akaomba sindano na uzi, akaanza. Jamani, katika maisha yangu sijamwona mtu anayeshona vibaya kiasi kile. Mshono ulipanda, ukashuka, ukajikunja, ukapotea. Nilivumilia, nikanywa chai, nikavumilia tena, mwisho nikamnyang'anya sindano. Wenzangu kikundini waliingia kwa kupenda historia. Mimi niliingia kwa kushindwa kutazama mshono mbaya.

Koti lile lilinichukua wiki nyingi za jioni. Nilipomaliza aliligeuza ndani nje, akasema, "Sasa jishonee la kwako."

Mwanagenzi kwa Amiri hakupewa upanga. Hata mkuki hakupewa. Alipewa kiriba, mfuko wa ngozi ya mbuzi wa kubebea maji, na msimu mzima wa baridi kazi yake ilikuwa kuwanywesha wengine. "Maji kwanza, chuma baadae," alikuwa akisema, na akilisema kwa Kiswahili analirudia kwa Kiarabu, ili asiwepo wa kudai hakusikia. Vijana wa mazoezi ya misuli walinuna. Yeye hakujali. Alisema mtu aliyevaa deraya haijui kiu yake, huanguka kabla ya kuihisi, na asiyewahi kuzunguka na maji hatajua sura ya mwenzake anayekaribia kuanguka. Mimi nilizunguka na kiriba msimu mzima, na hadi leo nikimwona mtu ameacha kutoa jasho moyo hunishtuka.

Kosa la wanagenzi wengi lilikuwa moja: walidhani cha kale ni cha babu. Kijana wa Kiomani atakuja amejifunga jambia la fedha la marehemu babu yake, kifua mbele, machozi karibu. Mtanzania atakuja na kanzu iliyodariziwa na kofia ya viua. Amiri atalishika jambia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, atalisifu, atamrudishia mwenyewe na kumwambia, "Hili la babu yako. Lirudishe kabatini, Mungu amrehemu. Sisi tunamtafuta babu wa babu wa babu yake, na huyo hatumjui alijifunga nini mpaka tusome." Wengine hawakurudi tena. Waliorudi walirudi na pamba tupu, isiyotiwa rangi.

Tena alikuwa na uadui na saa za mkononi. Saa utaivua, sawa, lakini alama yake nyeupe inabaki kwenye ngozi, na Amiri aliiona kwa mbali. Alitutuma juani tukiwa tumekunja mikono ya nguo. "Mpaka mkono usahau saa," alisema. Mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado hajakubali mambo haya, aliniona nimekaa kibarazani na mkono mmoja juani, akaniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Sasa nije kwenye mlango. Kambi yetu ilizungushiwa kamba, na sehemu moja zilisimamishwa nguzo mbili. Huo ndio mlango. Upande wa ndani ni Zama za Kati. Upande wa nje, kwenye magari, Amiri aliuita ng'ambo. Kati ya nguzo alikaa bawabu, na kila aliyeingia alisimama mbele yake, akaambiwa "Geuka," akageuka, akatazamwa kuanzia kilemba hadi viatu. Bawabu akiridhika anasema "Pita." Asiporidhika, unarudi ng'ambo ukavue hicho chenye kasoro, na huruhusiwi kubishana. Amiri mwenyewe aligeuka kama watu wote. Kauli yake ilikuwa, "Mlango hauna ndugu." Msimu wa tatu alinifanya mimi kuwa bawabu, akisema nina jicho baya, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Juma lilelile nilimrudisha yeye kwa sababu ya kalamu aliyoisahau mfukoni. Alirudi garini bila neno, na siku nzima alikuwa na furaha kiasi kwamba alimsifu mpishi.

Msimfanye walii, lakini. Mzee huyu, aliyewatuma watu nyumbani kwa kifungo kimoja cha plastiki, alikuwa haachi chipsi za pakiti. Ikifika alasiri atasema anakwenda kutazama mafuta ya gari. Tutamwona kwa mbali amekaa kitini, kiyoyozi kinanguruma, anatafuna. Akirudi mlangoni nilikuwa namnusa mkono, namwambia, "Amiri, unanuka pilipili ya kiwandani," naye ananawa kwa mchanga, anageuka, anapita. Aidha alizitukana tamthilia za panga za kwenye televisheni kwamba ni uongo mtupu, na alizijua zote hadi majina ya farasi.

Mkali alikuwa, ila si mjinga wa ukali. Mmoja wetu ana kisukari. Siku ya kwanza alifika mlangoni na dawa na kipimo chake kwenye kifuko cha ngozi, ameshajiandaa kurudishwa. Amiri alimwambia bawabu wa wakati huo asifungue kifuko. "Vazi tunalikagua," alisema. "Mwili haukaguliwi." Kauli hiyo niliiweka akilini, bila kujua itakuja kunifaa mwenyewe.

Ndiyo maana la Wanjiru lilinishangaza. Wanjiru ni Mkenya, anapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno Qurum. Alijifunza kila kitu kwa bidii kutushinda sote. Kitani alikitafuta mwenyewe, akakishona kwa mkono mishono ambayo hata mimi niliionea wivu, akafundishwa kupika dengu kwenye chungu bila kukipasua. Alifika mlangoni akageuka, na kuanzia shingoni kushuka hakuwa na kasoro. Usoni alikuwa na miwani minene. Mimi nilisita. Amiri, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, hakusita.

"Miwani vua, bibi."

"Mzee, hii si urembo. Nikitoa miwani, hata wewe nakuona kama nguo imeanikwa."

"Zama zile wasioona vizuri walikuwepo. Waliishi."

"Waliishi, lakini nani alikuwa anawapea kazi ya moto?"

Mwenzetu mmoja msomaji alisema wakati huo miwani ilikwisha kuanza kutengenezwa kwa Wafaranga, huko Ulaya. "Basi ende kwa Wafaranga," Amiri akasema. Wanjiru alivua, akaingia, akajitahidi. Kabla ya adhuhuri alishika mfuniko wa chungu kilichokuwa motoni, akidhani ni sahani. Nilimfunga mkono kwa kitambaa. Hakulia, alikasirika tu. "Sasa nimeshona miezi yote hii nikuje kukaa kwa gari?" aliniuliza. Alikaa kwa gari hadi jioni, msimu uliofuata hakuja, na dengu zetu zikabaki kuwa uji. Nilimwambia Amiri amekosea. Alisema mlango hauna ndugu. Nikamwambia mlango una macho, na macho mengine yanahitaji miwani. Akaenda kutazama mafuta ya gari.

Deraya yake aliitengeneza mwenyewe, pete moja moja. Alikuwa akiviringisha waya kwenye ufito wa chuma, anaukata, anaziponda pete, anazifunga kwa koleo, kila pete imebeba nne. Aliifanya kazi hiyo akizungumza, akisikiliza redio, hata hospitalini akisubiri kuitwa. Kushona hakujua, lakini pete zake zilifungwa zisionekane zilipokutana. Na masikio yake yalizijua. Mtu akitembea amevaa deraya kuna mvumo fulani wa chuma, na pete ikilegea mvumo unachafuka. Mimi siusikii mchafuko huo hadi leo. Amiri alikuwa akiusikia huku amekupa mgongo anakunywa maji: "Wewe, kwapa la kushoto, pete mbili zimefunguka." Unatazama, kweli. Tulimjaribu kwa makusudi na hatukumweza.

Neno letu la kusimamisha mapigano lilitoka kwake pia. Mwanzoni lilikuwa "Khalas!", yaani basi, imekwisha. Mtu akiumia, au akiona hatari, anapaza sauti, na kila aliye uwanjani anapiga goti palepale na kuweka upanga chini. Tatizo ni kwamba Maskati hakuna anayemaliza sentensi bila khalas. Mtu mmoja nje ya kamba alikuwa anapatana na fundi bomba kwenye simu, akasema khalas, na safu nzima ya askari ikaanguka magotini mbele ya wageni waliokuja kutazama. Amiri alibadilisha neno siku hiyohiyo. Akachagua "Tuli!" kwa sababu alisema tangu afike mji huu hajamsikia mtu akiwa tuli. Na akaweka sheria kubwa kuliko zote: anayempiga aliyepiga goti anarudi kwenye maji, awe nani awe nani.

Nilianza kuwa na wasiwasi siku nilipotembea mbele yake na pete zimefunguka. Zilikuwa nyingi, mgongoni, nimezikwaruza kwenye mlango wa gari. Nilijua, nikangoja aseme. Hakusema. Nikapita tena. Alikuwa ananitazama usoni na kutabasamu, jambo ambalo hakuwa nalo. Tangu hapo nikamchunguza. Alikuwa akikutazama midomo. Alikuwa akijibu "Inshallah" kwa maswali ambayo hayakuhitaji inshallah, kama vile chumvi iko wapi. Nilihuzunika, wala sikumwambia mtu.

Ilitokea kambini, Jumamosi asubuhi. Tulikuwa safu mbili. Kamba ya kofia ya chuma ya mwenzetu mmoja ilikatika, kofia ikaruka, na aliyeiona akapiga kelele, "Tuli!" Sote tukaanguka magotini. Nilikuwa nimetazamana na Amiri. Niliweka upanga chini, nikainamisha kichwa kama tulivyofundishwa, nikaona miguu yake bado inakuja. Neno likarudiwa kwa sauti kubwa zaidi. Upanga wake ukanishukia begani, karibu na mtulinga.

Mfupa haukuvunjika. Kilichoniokoa ni pamba niliyoishona mwenyewe, kwa mkono. Lakini pumzi ilinitoka, na nilipoinua kichwa nilimwona amesimama peke yake uwanjani, watu wote chini, anatazama huku na huku.

"Imesemwa?" aliuliza.

"Imesemwa, Amiri," nikamwambia. "Na ikarudiwa."

Alinitazama bega. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu vile. Aliweka upanga chini, akanifungua koti, akahakikisha mfupa ni mzima, kisha akatembea hadi mlangoni na kutoka ng'ambo. Hatukusikia kiyoyozi. Alikaa garini madirisha wazi hadi tulipovunja kambi.

Nilikwenda kumtazama Al Amerat. Nilimkuta sebuleni, televisheni imewekwa sauti ya kupasua ukuta, farasi wanakimbia. Binti yake aliizima na kunieleza mbele yake, kwa sauti ya kawaida ili asisikie, kwamba daktari alikwishampa kifaa cha kusikilizia tangu mwaka uliopita, na kwamba kimelala kwenye droo ya tasbihi.

"Nnajua unasema nini," Amiri akamwambia. "Kamletee, akione."

Kilikuwa kidogo, rangi ya ngozi, na kijiwaya kinachoingia sikioni. Amiri alikishika kwenye kiganja.

"Sasa nikueleze, mwanangu, maana wewe ndo bawabu. Nikikivaa, sipiti mlangoni. Nisipokivaa, sina haki ya kusimama na watu, ntakuja kumuua mtu. Nimeipima kila upande. Mizani haidanganyi."

"Kifunike na kilemba."

"Hebu tazama." Alikivaa, akavuta kilemba juu ya sikio. Kifaa kikapiga filimbi ambayo ilimfanya paka wa nyumba atoke mbio. Tulicheka wote watatu, binti akacheka hadi akakaa chini. Amiri alipoacha kucheka alikivua, akakirudisha kwenye droo mwenyewe.

"Halafu yule bibi wa Kenya," akasema, kana kwamba tulikuwa tukimzungumzia. "N'limwambia avue, akaungua mkono. Mimi ilipofika zamu yangu, n'kafikiri kufunika."

Nilikunywa kahawa yangu, nikaondoka. Miezi yote ya joto hakuonekana kwenye ghala la matairi. Baadhi walisema tumchague amiri mwingine, tukamchagua, lakini jina lilikataa kuhama, na hadi leo huyo mwingine tunamwita kwa jina lake.

Msimu wa baridi uliporudi nilikaa kwenye nguzo zangu asubuhi ya kambi ya kwanza. Gari lake jeupe lilifika watu wengi wameshaingia. Alishuka bila deraya. Alivaa kanzu ya pamba tupu, na pindo lake lilipanda na kushuka, hivyo nikajua kalishona mwenyewe. Begani alikuwa na kiriba. Kilemba alikifunga juu, masikio yote nje, na lile la kulia lilikuwa na kifaa kinachoonekana na kila mwenye macho. Mlango wa pili wa gari ukafunguka, akashuka Wanjiru na kitani chake, miwani usoni.

Watu wa ndani waliacha walichokuwa wakifanya. Wengine walisogea hadi kwenye kamba.

"Assalaam alaykum, Bawabu." Siku zote aliniita mwanangu. Nilisimama bila kukusudia.

"Waalaykum salaam."

"Mimi mwanagenzi. Nimempiga aliyepiga goti. Nnaomba kuingia na maji."

"Sikioni una nini?"

"Unakiona. Bila hichi siisikii Tuli."

"Na huyu?"

"Huyu n'limrudisha mimi. N'kenda kazini kwake, n'kamwomba radhi mbele ya watu wenye meno mabovu. Sasa sikiliza. Ikiwa changu kinapita, na chake kinapita. Ikiwa chake hakipiti, na mimi nnarudi ng'ambo, wala sirudi tena kukusumbua. Na usinionee huruma. Mlango hauna ndugu."

Wanjiru alikuwa amekunja mikono. "Mimi nilimwambia sikuji kuombewa," akaniambia. "Nimekuja kuona kama atageuka kweli."

Bega langu lilipona zamani, lakini asubuhi ile nililihisi. Nikisema pita kwa sababu ni yeye, nimeuvunja mlango wake mbele yake, naye atajua. Nikisema rudi, hatakuja tena, na atatii bila neno, kama siku ya kalamu. Nilimtazama yule mwenzetu wa kisukari, aliyekuwa amesimama kwenye kamba na kifuko chake kiunoni, nikaikumbuka ile kauli.

"Vazi tunalikagua," nikasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Mwili haukaguliwi. Jicho ni mwili. Sikio ni mwili. Hayo si maneno yangu, mwenyewe yupo hapa. Mwanagenzi, geuka."

Akageuka. Nilianza kwenye kilemba, nikashuka polepole, bila kumpendelea. Pindo lilikuwa aibu tupu, lakini la mkono. Viatu sawa. Mkono ulishasahau saa. Akiwa bado amenipa mgongo, nikanong'ona chini kabisa, sauti ambayo hata Wanjiru aliyekuwa karibu hakuisikia:

"Na chipsi?"

"Nimeziacha ng'ambo," akajibu bila kugeuka.

Nilimkagua Wanjiru pia, nikamwambia mishono yake bado inatushinda wote, akasema anajua. Kisha nikasogea pembeni. "Piteni."

Mchana ule Amiri alizunguka na kiriba. Hakumwelekeza mtu wala hakusahihisha kitu, na lazima ilimuuma. Alimnywesha kila mmoja, akiwatazama usoni mmoja mmoja, hadi vijana ambao hawakumjua wakamwita babu na kumwomba aongeze. Mimi nilipopita mbele yake na deraya alinisimamisha. "Kwapa la kulia," akasema, na kabla sijatazama alikuwa ameshaenda kwa mwingine. Nilitazama. Pete moja.

Baadaye tukapanga safu. Sikumbuki nani aliona nini, nadhani kiatu cha mtu kilikatika, lakini neno likapigwa, "Tuli!" nikaanguka goti langu na kuweka upanga. Mbeba maji hapigi goti. Yuko nje ya safu, hana silaha, sheria haimhusu. Niligeuza kichwa kumtafuta, nikaona wenzangu wenye chuma bado wanashuka mmoja baada ya mwingine, na kule nyuma yao, kando ya kamba, yeye alikuwa chini tayari, goti kwenye changarawe, kiriba kinamwaga maji pembeni yake, anangoja tuambiwe tuinuke.